Kabichi Haifungi

Mama, nilikwambia: kabichi haifungi.
Wiki ya kumi na moja imo ndani ya ndoo ya rangi,
hapa Tabata, imeegemea ukuta wa jirani,
imeachia mikono wazi kama mtu anayedaiwa
na hana la kujibu.
Majani tu. Majani, na matundu ya viwavi
ninayochungulia humo bomba lisilotoa maji.

Ukaniuliza: umande unaanguka saa ngapi?
Umande, mama?
Huku kinachotulowesha alfajiri ni jasho.
Shuka naianika kabla sijaifua.

Ukasema: mwagilia saa nne, jua likishapanda,
sakitu ikishayeyuka juu ya udongo.
Ndivyo tulivyofanya Makete, nakumbuka,
vidole vimekufa ganzi kwenye mkono wa kopo.
Nikatii. Saa nne ya Tabata
maji yaliyolala ndani ya mpira
yalitoka tayari kwa ugali.
Miche ya saladi ikajilaza chini,
haikuaga.

Shemeji Masima wa Kongwa naye akanifundisha:
tuta usiliinue, lizamishe,
liwe bakuli, kila tone lifie humo.
Kwao mvua huhesabiwa kama ng'ombe wa mahari,
hata ndama anatajwa.
Nikachimba nyuma ya choo, mchanga mweupe,
jembe linaingia kama kijiko kwenye sukari.
Aprili bakuli likajaa.
Likajaa tena. Vyura wakaja na wakwe zao,
figiri yangu ikaelea
kama soksi iliyosahauliwa kwenye beseni.
Masima hakunidanganya.
Alinigawia mvua ya kwao.

Mwaka mzima Bi Mwavita alinitazama juu ya ukuta
asiseme neno.
Siku nyanya zilipooza kitako,
nyeusi chini, nyekundu juu, zinacheka upande mmoja,
akaita: "Wee, maji ya kisima hiki umeyaonja?"
Nikayaonja.
Chumvi, mama. Chumvi ya kutosha mchuzi.
"Na ndiyo unayoinywesha?
Ungekuwa wewe, ungenenepa?"

Akanikatia marando ya matembele
pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita.
"Chomeka. Usiyabembeleze.
Makumbi ya nazi tia chini ya ndoo, yanashika maji.
Mchicha usia leo, na wiki ya pili usia tena,
ung'oe ungali mdogo, usingoje sifa.
Bamia ipe jua lote, haishibi.
Maji ya mvua kinga, hata kwa sufuria."
Na kabichi, Bi Mwavita?
"Kabichi iko sokoni Ilala.
Imetoka kwa mama yako."

Mei, matembele yalipoziba njia ya chooni,
nilifunga marando kumi kwenye gazeti bichi,
nikayakabidhi basi la Makete.
Nilijisifu, sikufichi.
Binti wa mjini anampelekea mama yake mbegu!

Juni ukapiga simu.
Sauti yako ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyevunja sahani ya mwenzake.
"Yameungua, mwanangu. Usiku mmoja tu.
Meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto.
Nimekosea wapi?"

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kisu mkononi, mbu miguuni.
Mdomo ulishafunguka: mwagilia jioni,
weka makumbi,
makumbi, Makete!
Nikaufunga.
Nikakuuliza: mama, leo hapo kumekucha vipi?

Ukaniambia.
Majani yalivyokuwa meupe hadi kisimani,
ng'ombe alivyotoa moshi puani,
kibarazani ndoo ilivyovaa kioo,
ukakivunja kwa kisigino.
Vocha ikakatika ukiwa kwenye kioo.

Usiku ule nilichuma majani yote ya ile kabichi,
nikayakatakata membamba, nikayapika kwa nazi.
Yalikuwa magumu kidogo.
Watoto waliomba tena.
Shina nimeliacha ndani ya ndoo. Ubavuni
limetoa vichipukizi vitatu,
na mimi, sijui kwa nini,
bado nalimwagilia.