Anza na Wimbo wa Nne

Nyemo, binti wa kaka yangu, amenipa memori kadi
ndogo kama kucha, na maelezo marefu kama wosia:
Baba mdogo, usianze na albamu ya kwanza,
ile ni ya waliokwisha kuzoea.
Shika ya tatu. Ruka wimbo wa kwanza, ni mlango tu.
Anza na wa nne. Na ukisikia mtu ananguruma
usimkimbie. Yeye utamsikiliza baadaye.

Jina la bendi silitamki.
Lina nukta mbili juu ya herufi, kama macho ya chura.
Ni watu wa nchi za theluji, anasema,
nywele hadi kiunoni, nyuso kama wamefiwa.

Mimi nalinda zabibu za watu hapa Hombolo:
ekari tatu, tochi moja, filimbi,
na hedifoni zinazosikika sikio la kushoto tu.

Usiku wa kwanza nilichomoa kabla dakika haijaisha.
Ngoma zilikuwa mvua ya mawe juu ya bati,
na yule mtu, yule mtu!
Nilidhani amebanwa na mlango wa gari.
Nikasimama, nikamulika mizabibu yote
kuhakikisha kelele imebaki ndani ya simu.

Usiku wa pili nilicheka peke yangu.
Nikamwandikia Nyemo: huyu amemeza nini?
Akajibu: Mwache. Mbwa akibweka getini
mgeni hamtazami mbwa, anamtafuta mwenye nyumba.
Fuata magitaa. Yako mawili.

Mawili? Mimi nasikia moja.
Moja, linakwenda mbio, halina mwenzake,
linauliza, kisha linanyamaza
pale ambapo mtu angepaswa kuitika.

Basi usiku wa tatu,
upepo wa Julai ukiingia chini ya koti,
nikaupinda waya shingoni mwa plagi
nikaubana kwa kamba ya kufungia matawi,
na sikio la kulia, lililokufa tangu Pasaka,
likafufuka.

La pili lilikuwepo muda wote.
Linakimbia juu kidogo ya mwenzake,
halimpiti, halimwachi,
kama mama na shangazi Sechelela
walivyoimba wakitwanga uwele:
mama ameshika njia, shangazi anatembea ukingoni,
na sisi watoto tunangoja aanguke.
Hakuanguka hata siku moja.

Hapo ndipo nikamgeukia mngurumaji.
Sauti ile naijua.
Mwaka ule bwawa lilipokauka likabaki uji,
ng'ombe wetu alizama topeni hadi mabegani.
Wanaume saba waliishika kamba,
na baba, mtu wa kunong'ona, mshika daftari wa kanisa,
akatoa sauti kutoka chini ya kitovu
ambayo haikuwa neno, haikuwa hasira.
Tulivuta kwa ile.
(Ng'ombe alikufa baada ya siku mbili. Lakini alitoka.)

Hata ilimba ya mjomba Ndahani
ilibandikwa utando wa buibui kwenye tundu,
makusudi, ili ikwaruze.
Ukiubandua, alikuwa akisema,
utabaki unahesabu vyuma.

Saa tisa usiku. Chaji asilimia kumi na moja.
Nimefika wimbo wa saba. Namwandikia Nyemo:
anasemaje huyu?
Anachelewa kujibu, labda amelala huko Ng'ong'ona
na vitabu vyake vya takwimu.
Kisha: Nimetafuta. Anasema kuna baridi,
na kwamba nyumbani ni mbali,
na mstari wa tatu hakuna anayeuelewa,
nadhani hata wenzake.

Navuta blanketi. Upande wa bwawani
mbwa anabweka, huyu wa kweli.
Nasikiliza kidogo kama kuna mtu.
Hakuna.
Nazima tochi, narudia wa nne.