Sanduku la Rangi

Kazi yangu hapa Ghent si kulia.
Mimi ni fundi taa. Mnara wa manispaa una taa arobaini na mbili,
kila moja na mdomo wake wa kuvishwa karatasi ya rangi.
Sanduku liko chini ya kengele,
limeandikwa kwa mkono wa Joris aliyenitangulia:
nyekundu, buluu, manjano,
na ndani ya kifuniko, majina ya nchi,
kila nchi na mpangilio wake.
Majina tisa. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Jumatatu stesheni ililipuliwa katika mji mkuu wa jirani zetu.
Simu ililia kabla idadi haijatulia,
kumi na wanne, hapana, kumi na saba,
na sauti ya ofisini ikasema: Wouter, kabla ya giza, tafadhali.
Nikapanda. Nikavisha.
Saa mbili usiku mnara ulisimama kama jamaa wa karibu
aliyevaa koti la marehemu.
Uwanja ukajaa mishumaa. Mtoto akaweka dubu wa pamba.
Watu wasiojuana wakashikana mikono,
na mimi kule juu, sitaficha, nililia.
Niliwahi kunywa kahawa kwenye stesheni ile.
Hata bei yake naikumbuka.

Alhamisi ilikuwa foleni ya mkate, Kabul, upande wa magharibi.
Thelathini na mmoja.
Niliisoma kwenye simu, kidole kikateleza,
nikajikuta kwenye matokeo ya mpira.
Sikukusudia. Kidole hakina ubaya,
kina mazoea.

Shahrbanu hufagia ngazi za mnara, zote mia tatu na kumi na nne.
Ijumaa alikuja kama kawaida, akaanzia juu kama kawaida,
kwa sababu vumbi, anasema, halijui kupanda.
Kisha sikusikia ufagio.
Nikashuka nikamkuta ameketi, ufagio mapajani
kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake.
Mtoto wa dada yangu, akasema. Alikuwa wa saba kwenye foleni.
Wamejuaje wa saba?
Mwokaji alipona. Ndiye aliyekuwa akihesabu.

Nikasema pole.
Likatoka dogo, kama chenji.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi.
Hawakusema kadi za mwaliko huchapwa wapi,
wala kwa nini wengine hufa wengi, na wengi tena,
na ukumbi ukabaki na viti vitupu.

Nikamwambia: twende juu. Nina nyeusi, nina nyekundu, nina kijani.
Sitangoja simu.
Akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na nguvu ya kukasirika.
Bendera ipi, Wouter? Ya waliokimbia au ya walioingia?
Wote wawili walikuwa na bunduki. Yeye alikuwa na sarafu ya mkate.

Sikuwa na karatasi ya rangi hiyo.

Zima, akasema.

Nikazima.
Mnara ukatoka mjini kama jino.
Chini uwanjani mishumaa ya Jumatatu ilikuwa bado inawaka michache,
na kwa mara ya kwanza niliona ni midogo kiasi gani.
Mtu akapiga mluzi. Mwingine akainua uso.
Sijui kama walikuwa zaidi ya kumi.

Basi simu ikalia. Nusu dakika haijatimia.
Wouter, kuna nini huko? Watu wanauliza.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema.
Nilikuwa na jina la mtaa, nilikuwa na idadi,
nilikuwa na mvulana wa saba na shangazi yake
anayepumua gizani hatua mbili kutoka kwangu.

Fyuzi, nikasema. Fyuzi tu.
Nipeni dakika saba.

Wakanipa tano.

Shahrbanu hakusema kitu.
Nikausikia ufagio wake, ngazi baada ya ngazi, ukishuka,
na sikuweza kujua, katika giza lile nililolitengeneza mwenyewe,
anafagia nini.