Mizani ya Don Eleuterio

Daktari wa zahanati alinipa karatasi:
samaki wa maji baridi, lozi kiganja kimoja,
mafuta ya zeituni, ukumbi wa mazoezi mara tatu kwa wiki.
Nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu wa meza
ambao tangu tetemeko la mwisho haujagusa sakafu.
Meza ikatulia.
Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoipata.

Mimi Nélida, mpiga pasi wa mashuka ya hoteli,
miaka hamsini na miwili, magoti ya miaka themanini,
mshahara unaobisha hodi tarehe tano
na kuaga tarehe kumi na tisa.
Mwenye kujipanga hujipanga kwa alichonacho.
Nilichonacho ni ngazi.

Valparaiso yote imetundikwa vilimani kama nguo.
Toka barabarani hadi mlangoni pangu
ni vipandio mia moja sitini na viwili.
Miaka ishirini nimekilipa kigari cha kamba kinipandishe,
kikikoroma, nami nimekaa kama mzigo wa posta.
Jumatatu ile nilimpita mkata tiketi bila kumtazama,
kama mtu anavyompita mdai wake.

Kipandio cha kumi, nilijiona hodari.
Cha thelathini, nikamkumbuka Mungu.
Cha hamsini na moja hulala mbwa asiye na mwenyewe,
tunamwita Waziri, maana hang'oki mahali pake hata kwa mvua.
Nikaketi kando yake, tukahema pamoja,
yeye kwa uzee, mimi kwa mikate.

Maana ni mikate, nisimsingizie mtu.
Mkate wa asubuhi, mkate wa chai ya jioni,
mkate wa kuusindikiza mkate.
Sijauacha. Naukata nusu,
nusu ya pili naifungia kabatini,
ufunguo anao Yanira, mjukuu wangu,
ambaye huruma hana hata ya dawa.
Jumamosi soko likikaribia kufungwa
nanunua mboga zilizochoka: spinachi iliyolala,
malenge yenye jeraha, karoti zilizopinda
kama vidole vya marehemu mama.
Dengu nusu kilo, siku tatu.
Siku ya tatu dengu ni mgeni anayerudia kisa kilekile.

Na kujipima? Mizani ya duka la dawa inadai sarafu,
kisha inakutemea karatasi, kana kwamba unataka ushahidi.
Nikaenda kwa Don Eleuterio, mnunuzi wa chuma chakavu.
"Panda," akasema, akiondoa betri ya lori.
Kilo tisini na tatu.
"Ungekuwa shaba," akasema, "leo ningefilisika."
Nilicheka hadi sindano ikayumba.
Usiku, taa imezimwa, sikucheka.

Wiki ya kwanza, vilevile.
Wiki ya tatu, nimeongezeka nusu kilo.
Don Eleuterio akaulaumu upepo wa bandarini,
akaipiga mizani teke, ikashikilia msimamo wake.
Siku hiyo nilirudi na kigari. Nalisema hili pia.
Nilikaa dirishani, nikaziona ngazi zikishuka pembeni yangu
kama rafiki unayemkwepa sokoni.

Kesho yake magoti yakaenda yenyewe.

Sasa ni Agosti, baridi na ukungu,
nauli nisizolipa zimefika shingoni mwa chupa.
Don Eleuterio anasema themanini na nane.
Simwamini sana, wala mizani yake.
Lakini juzi nilinunua gesi, mtungi mdogo wa kilo tano
(chuma chenyewe sihesabu),
nikaukumbatia kifuani nikaanza kupanda.
Kwenye hamsini na moja nikautua, mikono inatetemeka,
nikamuuliza Waziri:
huyu nilikuwa nimembeba wapi miaka yote hii?
Kiunoni, mgongoni, chini ya kidevu,
kila jioni nimempandisha nyumbani
na nauli nimemlipia mimi.

Waziri akapiga mwayo.
Vilikuwa vimebaki vipandio mia moja na kumi na kimoja,
na dengu, nilikumbuka, sikuwa nimeziloweka.