Sehemu ya Pili

Umeniuliza, Aikande, kama uinunue.
Elfu tatu pale Kiborloni, yenye jalada linalong'aa,
au elfu moja kwa yule kijana wa mkokoteni
anayechoma sidii mwenyewe na kuandika jina kwa makapeni.
Nilinunua ya elfu tatu. Nisikilize kwanza.

Jalada limedanganya mara mbili:
picha ya ufukwe ambao filamu nzima haiufikii,
na maneno "Utacheka Mpaka Ulie".
Nimecheka mara nne. Nilihesabu kwa vifungo,
maana nilikuwa nashona huku natazama.
Cha tano nilikishika, nikasubiri, nikasubiri,
nikakirudisha koponi.

Unaikumbuka ile ya kwanza, "Mkwe wa Kukopa"?
Tuliitazama kwa Mama Anasia, masika yakipiga bati,
hatusikii hata neno, tukawa tunawasemea wenyewe.
Yule mhasibu wa duka la mbao
aliyemkodi binti wa jirani awe mchumba wake wa Pasaka;
binti akaingia jikoni kwa mkwe wa uongo,
akaunguza mtori,
na yule mama akaula, kimya, akaomba tena.
Pale ndipo walipooana, ukiniuliza mimi.
Kanisa lilikuwa karatasi tu.

Basi katika hii ya pili wameshaoana,
na watu wa filamu hawajui ndoa ifanywe nini.
Mimi hukodisha magauni, mwaka wa kumi na tisa huu:
gauni hutoka Ijumaa likinukia marashi,
hurudi Jumatatu, pindo limejaa tope la Machame,
punje ya pilau imejificha ndani ya mkono.
Ningewaambia waanzie hapo, kwenye punje.
Wao wakamleta mwanamke kutoka Arusha,
gari jeupe, miwani mikubwa,
ili wagombane, waachane stendi mbele za watu,
wakimbizane, warudiane.
Ni kumtegua mtu mguu
ili usifiwe kwa kumkanda.

Tena gauni, Aikande. Gauni lile lile!
Wamelikata mikono, wamelipachika ua kiunoni,
wakadhani hatuna macho.
Niliiona mishono ya zamani, matundu ya sindano
yamesimama mstari kama siafu.
Hilo sikulilaumu.
Katika filamu yote, ndilo pekee lililokuwa limeishi.

Picha: safi, mpaka dakika ya arobaini na moja.
Hapo inaganda, mhasibu kafumba jicho moja
kama mtu anayetaka kupiga chafya.
Aminiel akasema ni deki yetu. Nikaifuta sidii kwa kanga.
Jicho likabaki limefumba.
Sauti: muziki unawazomea wanaozungumza.
Maandishi ya chini, sasa. Mama mkwe anasema Kichaga,
neno la upole kabisa, la kumwita mtoto aje ale,
nao wakaandika: "Anafoka."
Niliiweka sindano chini nisije nikajichoma.

Ningekwambia usiiguse, habari ikaisha.
Lakini nilisahau kuizima.
Matangazo yakapita, majina yakapita, hata la mpika chai,
kisha vikaja vipande walivyokosea.
Yule mama mkwe amesahau maneno yake.
Anatazama juu, anatazama sufuria, wapi!
Binti anacheka, halafu, bila kuambiwa na mtu,
anashika ncha ya kanga yake
anamfuta mama jasho la shingoni,
anamnong'oneza neno lililompotea.
Sekunde kumi na moja.

Aminiel alikuwa akikoroma kwenye kochi tangu harusini.
Akafumbua macho. "Hebu rudisha nyuma."
Nikarudisha. Mara tatu tukarudisha,
na mara ya tatu akasogeza miguu yake nikae.

Kwa hiyo usinunue, wala ya mkokoteni usinunue.
Njoo Jumamosi, Luku ikiwa haijakata,
tutaanzia mwisho.
Uje na limau: kuna gauni limerudi na doa la divai,
na bibi harusi anasema
lilikuwepo.