Kola Nyeupe

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili:
ukungu ulioshuka leo kutoka Bahari ya Kaskazini
ukaimeza minara ya matale ya Aberdeen,
na ukungu ulioota juu ya mkate niliousahau kabatini.
Mwajiri wangu ni huu wa pili.

Saa nane usiku, Desemba. Chumba hakina dirisha.
Taa nyekundu tu, maana wekundu hauuamshi;
unaamshwa na buluu,
buluu kama ya alfajiri, dakika moja yatosha.

Ndani ya nyuzi zake, kiinini,
anakaa protini mmoja, bawabu.
Waliomgundua walimwita Kola Nyeupe,
kwa kuwa akiharibika
ukungu hubaki mweupe shingoni
pale ulipopaswa kuwa wa chungwa.
Nilicheka siku ya kwanza. Mama yangu
alikuwa dobi wa hospitali, Tukuyu;
kola nyeupe za madaktari zilimla vidole
kwa wanga na pasi ya mkaa,
nami nimevuka dunia nzima
kuja kuajiriwa na kola.

Hana jicho, Kola. Ana kitu kidogo kifuani,
ndugu wa vitamini iliyomo katika maziwa na maini.
Mwanga wa buluu ukikipiga, kinamng'ang'ania.
Anajikunja upya, anamshika mwenziwe mkono,
wanasimama juu ya mstari wa DNA
na kusema: nukuu. Nukuu hapa. Nukuu sasa.
Na kesho yake sahani ina rangi ya papai bivu.

Wenzangu huyaeleza haya kwa michoro na mishale.
Mimi niliandika nyuma ya daftari la vipimo:

    Hana jicho wala mboni,
    hukaa kizani ndani,
    mwanga ukija nyuzini
    yeye ndiye husikia.

    Jeni zilizofichika
    ghafula zaandikika,
    weupe ukatoweka,
    chungwa likaangazia.

Kisha inakuja sehemu niipendayo kuliko zote:
protini mwingine, mdogo, aliyezaliwa na mwanga huohuo,
anamwendea Kola na kumshika bega. Basi. Tumeona.
Ndiyo maana ukungu haushindi ukilishangilia jua.
Ila jua likizidi, hushtuka tena.
Miaka mitatu nilikuwa nimeshikwa bega.

Juzi saa tisa usiku, yaani kumi na mbili asubuhi kwao,
simu iliwaka. Glavu mikononi, nikaiweka mezani,
uso juu, spika wazi, bila kufikiri.
Mama. Presha ya macho imekwisha kuyachukua yote mawili,
lakini jua likifika kizingitini hujua;
linamgusa shavu, asema, kabla jogoo wa jirani hajamaliza.
"Tulinagwe, kumekucha."
"Huku bado, mama."
"Huku kumekucha," akarudia,
kana kwamba angeweza kuuchota kwa kata
na kunimiminia.
Tuliongea dakika kumi na moja:
bei ya maharage, bati lililong'oka, nani kajifungua.

Leo Ishbel Geddes amesimama na sahani ya giza mkononi,
ile ya kulinganishia,
ile isiyopaswa kuona chochote maishani mwake,
na ukingoni, upande ule ilikolala simu,
pana mwezi mwembamba wa chungwa.

"Nani aliingiza mwanga humu?"

Nimejaza daftari kwa wino usiofutika:
tarehe, saa, muda, dakika kumi na moja.
Chanzo cha mwanga: Mama, Tukuyu.

Ishbel ameniambia niitupe sahani.
Nitaitupa. Jumatatu.