Makombo Juu

Kikombe kimevunjika Jumanne, saa nne asubuhi.
Kimemponyoka Mwanakombo akikisuuza,
nami nimesimama, unga hadi viwikoni,
sijui ngano sasa niipime kwa nini.

Hakikuwa kizuri. Kaure ya buluu iliyochujuka,
kishikio kilikatika kabla mimi sijazaliwa.
Nyanya Mamkiwa alitoka nacho Ngomeni
mwaka ule wa vita, Bibi Hediviga alipofunga masanduku
akaacha mkonge, mbwa wawili
na jiko la chuma lenye milango minne.
Wenzake waliomba mashuka.
Yeye aliomba kikombe.

Vitatu ngano, kimoja siagi, nusu sukari,
hamira ukucha mmoja, wa kidole gumba.
Hakujua kusoma. Daftari lake ndilo hilo,
na leo liko vipande vipande kwenye gazeti.

Keki yenyewe aliiita *kukeni*.
Zile punje za juu, za siagi na sukari,
zilikuwa na jina lililomshinda ulimi:
shitoroi, shitorozeli, kila Idi lilikuja na sura mpya,
mpaka akachoka, akasema: makombo.
Tukacheka, watoto wa Barabara ya Kumi na Tatu.
Makombo si yale yanayobaki sahanini?
Akaendelea kufikicha, hakutuangalia.
"Miaka sita nilikula yaliyobaki mezani kwao.
Hiki ndicho chakula pekee nilichokiona
makombo yamekaa juu
na wenyewe wanayagombea."

Basi.
Mtoto analia barazani, simchapi.
Hamira imeamka kwenye maziwa ya vuguvugu,
inatoa povu, haina habari ya msiba,
na hamira haimngoji mtu atulie.
Natia mkono kwenye debe la unga.
Konzi. Konzi ya pili. Hii imepungua, irudi.
Ya tatu naijaza mpaka vidole vinauma.
Siagi imepanda bei, nachanganya na samli.
Iliki hakuna aliyeniagiza, natia;
Nyanya naye alitia, kule kule Ngomeni,
akasema Bibi Hediviga alisifu tu hewa ya Tanga.

Saa sita kasoro umeme ukakatika.
Tanuri likafa, mlango wake wa kioo ukawa giza
na unga umeumuka, unachungulia ukingoni.
Sikutukana. Nilitukana kidogo.
Nikatoa sufuria, nikawasha mkaa uani,
moto chini, nikapalia na juu ya kifuniko
kama mtu anayepika mkate wa kumimina,
nikakaa na koleo mkononi, nikinusa.
Keki ya mkaa haitazamwi, inanuswa.
Harufu ya sukari inapogeuka kuwa ya njugu
una muda wa kusema bismillahi, ushushe.

Mzee Semhina wa nyumba ya pili alikuja na chupa ya kahawa
bila kuitwa, kama anavyokuja siku zote bila kuitwa.
Akatafuna. Akatazama dari.
"Leo si ile."
Nikamwambia kweli, si ile.
Upande mmoja umeungua, katikati pamelala,
chumvi imejitokeza kama mgeni asiyebisha hodi.
Akakata kipande cha pili, akakata cha tatu,
akauliza kama kuna cha kumpelekea mkewe.

Mwanakombo amesogea, macho mekundu,
analowanisha kidole, anaokota punje zilizoanguka mkekani.
Namwambia lete mkono. Anauficha, anadhani kofi.
Lete mkono, fumba.
Naweka ngumi yake juu ya yangu:
haifiki hata nusu.
"Mimi konzi tatu," namwambia. "Wewe saba.
Mwakani tutahesabu upya."

Vile vigae bado viko dirishani.
Sijavitupa. Kimoja kina ua zima.