Anza na Wewe

Mashine imekuja ndani ya begi la mgongoni,
uzito wa mtoto mchanga, njano ya kiini cha yai.
Naisimika juu ya miguu mitatu, ukumbini mwa shule,
chini ya goli la mpira wa kikapu.
Nje ni Nunavut, mwezi wa pili,
baridi inapasua misumari.

"Simama hapa, Bibi. Vuta pumzi. Ishikilie."

Aalasi hasimami.
Amekaa kwenye benchi, koti limefungwa hadi kidevuni,
anaitazama mashine kama unavyomtazama
mdai aliyerudi akiwa kijana.

"Ile ya kwanza ilikuwa melini," anasema.
"Mama alipanda asubuhi kupigwa picha.
Wakamwandika namba mkononi kwa wino.
Sisi ufukoni tunachuna sili,
chai yake ingali motoni.
Meli ikapiga honi.
Chai ikakauka."

Hakuna wa kumjibu. Kitoto kinakohoa, kinanyamazishwa.
Namwambia: hii haina injini, wala nanga.
Picha inasomwa hapa hapa na akili mnemba,
muda wa kufunga kamba za buti.
Zamani filamu zilikwenda kusini kwa ndege,
jibu likarudi mgonjwa keshawaambukiza wajukuu.

"Basi," anasema, "anza na wewe."

Watu wanacheka. Nami nacheka.
Navua koti, nabandika kifua kwenye bamba la baridi,
Saimaniq anabonyeza.

Kwenye skrini mbavu zangu, ngazi nyeupe gizani;
na juu, kushoto, chini ya mtulinga,
doa jekundu lenye kingo za manjano,
na tarakimu: themanini na saba.

Kikohozi cha wiki tatu
nilikiita hewa kavu ya ndege.

Nimewaambia wengi, vijiji vinane:
si hukumu, ni alama tu,
mashine haitofautishi kovu na kidonda,
makohozi ndiyo yatakayosema.
Maneno yaleyale sasa nayapapasa mdomoni
kama ufunguo ulioanguka thelujini.

Aalasi amekwisha inuka.
Ameushika mkono wa shati langu, kakaza,
kama mtu aliyesikia honi.
"Huyu haendi popote," anauambia ukumbi.
"Vidonge vyake viletwe hapa. Nitavihesabu mimi."

Kisha anafungua koti, kifungo kimoja kimoja,
kidevu juu, mabega mbele.
Kumbe namna ya kusimama anaijua.